Kabla hujategemea konsoli ya siriali

Seva ya Linux ya ofisi moja kule Industrial Area, Nairobi, ilikataa kuwaka baada ya stima kupotea usiku. Nilifika na laptopu, nikachomeka waya kwenye poti ya siriali, ambako mashine huweza kutoa ujumbe wake hata bila skrini, nikangoja. Kimya. Poti ilikuwa nzima, ila kerneli, yaani kiini cha mfumo, haikuwa imewahi kuambiwa iitumie, na mashine ikishaanguka huwezi tena kuiambia. Tangu hapo siruhusu mashine iingie kazini kabla sijaisoma kupitia waya.

Anza na waya wenyewe, maana hapo ndipo vifaa huungua. Ukienda Luthuli Avenue kutafuta adapta ya USB, muulize muuzaji ni ya volti ngapi. Poti ya pini tisa iliyo nyuma ya kompyuta hufuata kiwango cha RS-232, ambacho volti zake zinaweza kufika 15 juu ya sifuri na 15 chini yake. Pini za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, zimetengenezwa kwa 3.3. Ukiziunganisha moja kwa moja, umeshaua bodi. Unahitaji nyaya tatu tu: ardhi kwa ardhi, TX (ya kutuma) kwa RX (ya kupokea), RX kwa TX, kwenye Raspberry Pi ni pini ya 6, ya 8 na ya 10. Waya mwekundu wa umeme ufunge kwa tepu usiguse kitu.

Kisha kerneli. Endesha `grep SERIAL_8250 /boot/config-$(uname -r)` na uhakikishe `CONFIG_SERIAL_8250_CONSOLE=y` ipo. Dereva, yaani programu inayoendesha poti, ikiwa moduli (kipande kinachopakiwa baadaye), itapakiwa wakati mashine imeshapita mahali ilipojikwaa.

Kwenye mstari wa amri za kerneli, yaani maagizo inayopewa inapowaka, weka `console=tty0 console=ttyS0,115200n8` (`tty0` ni skrini, `ttyS0` ni poti ya siriali), na mpangilio huo usiugeuze ovyo. Ujumbe wa kerneli hutoka kote kuwili, lakini konsoli iliyotajwa mwisho ndiyo huwa `/dev/console`, mahali programu za mfumo huandikia. Ukimalizia na `tty0`, utaiona kerneli ikiongea vizuri kwenye waya, halafu inanyamaza init, programu ya kwanza, inapoanza, nawe utadhani mashine imekwama kumbe inaongea na skrini isiyo na mtu. Nimeona fundi akipoteza asubuhi nzima hapo.

Kasi, hiyo 115200 ya biti kwa sekunde, lazima ilingane pande zote mbili, la sivyo utapata herufi zisizosomeka. Kila herufi hubeba biti 10, hivyo 115200 hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Ukiacha 9600 ni 960 tu, na mashine yenye maneno mengi itachelewa kuwaka. Ukitumia minicom, programu ya kusomea waya kwenye laptopu, zima udhibiti wa mtiririko wa hadiwea, ambao husubiri ishara kwenye nyaya za ziada: kwa nyaya tatu utasoma kila kitu lakini ukiandika hakuna kitakachofika.

Ongeza `earlycon`, konsoli ya mapema, kwenye mstari huo wa amri kwa mashine zinazokufa kabla dereva kamili haijaamka. `kgdboc`, ya kuchunguza kerneli kupitia waya, nayo ni ya mezani pako. Ukiiacha kwenye seva ya kazini, mwenye waya anaweza kuisimamisha kerneli na kusoma kumbukumbu yake yote.

Mwisho, iwashe upya ukiwa bado umekaa kando yake, usome kuanzia mstari wa kwanza hadi inapokuomba jina la kuingilia. Waya uache umechomekwa, na mlangoni mwa kabati bandika karatasi iliyoandikwa ttyS0, 115200, kwa kuwa atakayefika saa nane usiku huenda asiwe wewe.