Jinsi ya kusoma ripoti ya kipimo cha akili: IQ iache mwisho

Ukikabidhiwa ripoti ya kipimo cha akili, macho hukimbilia namba moja, IQ, yaani alama ya jumla ya kipimo chote. Mimi nafanya kazi ya kupima, na namba hiyo huiacha mwisho. Nenda hivi.

Hatua ya 1: Jua kilichopimwa

Wanasaikolojia hawana tafsiri moja ya akili, ingawa wengi huitaja kama uwezo wa kufikiri, kujifunza na kutatua jambo geni. Mwaka 1904 mwanasaikolojia Charles Spearman alionyesha kwamba wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri na katika mengine. Akahisi kuna uwezo wa jumla nyuma ya yote, akauita g. Raymond Cattell aliugawa: kuna wepesi wa kung'amua mambo mapya, ambao hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na kuna maarifa yaliyolimbikizwa, ambayo hayachuji upesi. Wazo la Howard Gardner la mwaka 1983, kwamba zipo akili nyingi ikiwemo ya muziki, linapendwa sana, ila kwenye ripoti hutalikuta.

Hatua ya 2: Tafuta analinganishwa na nani

Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao Paris mwaka 1905, kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Baadaye ikaja hesabu ya kugawa umri wa akili kwa umri halisi, kisha kuzidisha kwa 100. Mtoto wa miaka 8 aliyejibu kama wa miaka 10 alipata 125. Kwa mtoto inaeleweka. Lakini mtu wa miaka 30 anayejibu kama wa miaka 60, tumsifu au tumwonee huruma?

Kipimo cha David Wechsler cha mwaka 1939 kiliachana na hesabu hiyo. Siku hizi unalinganishwa na watu wa rika lako: wastani umewekwa kuwa 100 na mkengeuko sanifu (kadirio la jinsi alama zinavyotawanyika kutoka wastani) 15, hivyo takriban watu 68 kati ya 100 huangukia kati ya 85 na 115. Kwa hiyo IQ ni nafasi yako kwenye mstari wa wenzako, si ujazo wa debe. Mwenye 120 hana akili mara mbili ya mwenye 60.

Angalia pia toleo la kipimo. Katika karne ya 20, nchi nyingi zilishuhudia alama zikipanda kwa kama pointi 3 kila miaka 10. Ukilinganishwa na watu wa zamani, unapewa alama za bure.

Hatua ya 3: Soma vipengele kimoja kimoja

Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi. Kwenye kipengele cha kumbukumbu, natamka tarakimu, moja kila sekunde, nawe unazirudia. Kisha nakutaka uzirudie kinyumenyume, na hapo ndipo jasho huanza. Kipengele kingine hudai maana za maneno, kingine kupanga maumbo, kingine kunakili alama ndogondogo kwa kasi.

Tuseme mtu amepata 124 kwenye maneno na 82 kwenye kasi. Wastani wa hizo mbili ni 103, yaani mtu wa kawaida kabisa, na huyo mtu hayupo! Aliyekaa mbele yangu anaelewa sana ila anafanya polepole. Kwa nini polepole? Huenda ni macho, mkono unaotetemeka, woga, usingizi haba, au anajisahihisha mara tatu kabla ya kuandika. Ripoti nzuri husema alivyofanya kazi, si alichopata tu.

Hatua ya 4: Dai mipaka ya makosa

Hakuna kipimo kisichokosea kidogo, kwa hiyo alama 102 huandikwa pamoja na masafa ambamo alama halisi huenda imo, kwa mfano 96 hadi 108. Ripoti yenye namba tupu mimi huirudisha.

Hatua ya 5: Uliza lugha

Kama maswali yaliulizwa kwa lugha anayoisoma darasani tu, sehemu ya maneno imepima lugha. Michoro isiyo na maneno, kama ile ya John Raven ya mwaka 1938, hupunguza tatizo bila kulimaliza, maana kusoma ruwaza kwenye karatasi nako hufunzwa.

Hatua ya 6: Sasa fungua IQ

Kama vipengele vimeachana mno, mpimaji makini atakuwa ameandika kando yake kwamba isitumike peke yake. Kama hakuandika, mpigie umuulize.