Mfarishi wa viraka kutoka kapu la mabaki: vipimo vitatu tu, na kazi unayoweza kuiacha wakati wowote

Somo hili ni la mfarishi wa sm 120 kwa 160, wa kujifunika kochini au wa kitanda kidogo. Sehemu yote ya juu ni mabaki ya vitambaa. Una miraba 48 ya sm 20, sita kwa upana na minane kwa urefu. Nusu yake, yaani 24, inaundwa na viraba (vipande vidogo vya mraba vilivyoungwa kumi na sita kumi na sita). Nusu nyingine ni mikanda iliyoshonwa mshazari. Aina hizi mbili hupishana kama kwenye bao la drafti.

Kupishanisha huku si kwa urembo peke yake. Mraba wa viraba ukikaa jirani na mraba wa mikanda, mishono yake ya ndani haina mwenzake wa kukutana naye upande wa pili, kwa hiyo kosa la mm 2 halionekani. Weka viraba kando ya viraba uone kila kona iliyokosana inavyokukodolea macho.

Faida nyingine ni ya nyumba yenye watu na shughuli. Kila mraba unajitegemea, kwa hiyo unaweza kusimama mahali popote, ukaiweka yote kwenye sinia na kuiachia meza.

Hatua ya 1: Chambua kwa aina ya kitambaa, rangi baadaye

Tenga pamba na jamaa zake wenye unene unaofanana. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi chache uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Mchanganyiko wa hizo mbili unafaa, mradi upunguze moto wa pasi.

Weka kando fulana na kila kinachovutika, vitambaa vinavyoteleza, na jinzi. Toa pia kitambaa kilichochoka: kishike kwa vidole gumba viwili ukivute kwa nguvu kufuata nyuzi, kisha upande wa pili. Kikilia au kikiachia, hakitamaliza mwaka ndani ya mfarishi, na kukibadilisha kiraba kimoja katikati ya vingine ni adhabu.

Mabaki ambayo hayajawahi kufuliwa yafue kwanza. Yenye upana wa chini ya sm 10 yafue kwa mkono, maana mashine itayachambua nyuzi na kukurudishia fundo. Nyekundu, buluu iliyokolea na nyeusi zijaribu peke yake: lowesha kipande, kilaze juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikiacha doa, kifue tena na tena hadi kisiache. Kisichokoma hakiingii kabisa.

Hatua ya 2: Kata kwa vipimo vitatu

Mshono wetu ni mm 7.5, kwa hiyo kila kipande hupoteza sm 1.5 kikishaungwa pande zote. Hesabu ni hizi:

- Kiraba kidogo: kata sm 6.5, kitabaki 5. Kumi na sita vinafanya mraba mmoja.
- Kiraba kikubwa: kata sm 11.5, kitabaki 10. Kimoja kinashika nafasi ya vidogo vinne.
- Mkanda: upana wowote kati ya sm 3 na 6.5, urefu usizidi sm 34. Usilazimishe upana mmoja. Mikanda iliyo mipana upande mmoja na myembamba upande wa pili ndiyo inayopendeza.

Ukitumia viraba vidogo vitupu utahitaji 384. Kwa pamba ya unene wa kawaida, kazi yote hula zaidi kidogo ya nusu kilo ya mabaki, bila kuhesabu kitambaa cha mgongoni.

Kata siku ileile unapomaliza kushona nguo, mkasi ukiwa bado mkononi. Kwa kielelezo tumia plastiki ngumu ya mfuniko. Karatasi ya boksi huliwa na penseli pembezoni na viraba hupungua pole pole bila wewe kujua. Kata ndani ya mstari, siyo juu yake.

Gawa viraba mafungu mawili, vilivyokolea na vyenye mwanga. Macho hudanganywa na rangi, kwa hiyo vipige picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mfarishi wote ukiwa wa kivuli kimoja, mpangilio hupotea hata kama kila kipande ni kizuri.

Hatua ya 3: Pima mshono kabla ya kushona chochote

Unga vipande vitatu vya upana wa sm 4, piga pasi, kisha pima. Jumla iwe sm 9 kamili na kipande cha kati kiwe sm 2.5. Kikipungua, sogeza mshono ukaribie ukingo kwa upana wa uzi mmoja ujaribu tena. Mkunjo wa kitambaa na uzi wenyewe hula nafasi, ndiyo maana rula inaweza kusema mm 7.5 na kipande bado kikapungua.

Mraba wa viraba una mishono mitatu kila upande. Kila mshono ukila mm 2 kupita kiasi, mraba utatoka na sm 19.4, na kwenye miraba sita umeshapoteza sm 3.6.

Hatua ya 4: Viraba, katikati ya kazi nyingine

Hapa ndipo nyumba na mfarishi vinapopatana. Weka bakuli la viraba kando ya cherehani, viwili viwili, kimoja cha giza na kimoja cha mwanga. Kila unapomaliza mshono wa kazi nyingine, iwe pindo la suruali, sare iliyochanika au foronya, usikate uzi. Pitisha jozi moja ya viraba, iache chini ya mguu wa cherehani, ndipo ukate kazi iliyo nyuma. Mshono unaofuata utaanzia kwenye jozi hiyo.

Kwa njia hii hakuna ncha ndefu za uzi za kutupa, na uzi haujisokoti mwanzoni mwa kazi yako ya maana. Mraba mmoja una jozi nane, miraba 24 ina jozi 192. Tumia uzi wa kijivu kila inapowezekana, hujificha kwenye karibu rangi zote. Ukiwa umefunga sindano nene ya jinzi, usipitishe viraba, maana itaacha matundu kwenye pamba nyepesi.

Jozi zikitosha, ziunge kuwa safu za vinne, kisha safu nne kuwa mraba. Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburuzwe, maana kuburuza huvuta kitambaa na pembe hupotea. Laza mishono ya safu ya 1 na ya 3 kulia, ya 2 na ya 4 kushoto. Safu zikikutana, mishono itashikana yenyewe na kona zitalingana karibu bila pini.

Hatua ya 5: Mikanda juu ya kitambaa cha chini

Mikanda hushonwa juu ya kipande cha shuka kuukuu jembamba la pamba, kilichokatwa sm 23 kwa 23 kufuata mkondo wa nyuzi. Shuka la upana wa sm 150 likatwe urefu wa sm 95, litatoa vipande vyote 24.

Laza mkanda wa kwanza kutoka kona hadi kona, uso juu. Huu ndio unaohitaji sm 34. Weka wa pili juu yake, uso kwa uso, kingo zikiwa sawa, shona mm 7.5 ukipita na kitambaa cha chini. Fungua, piga pasi, ongeza wa tatu. Jaza upande mmoja hadi kona, kisha mwingine. Usingoje uipige pasi mikanda minne kwa pamoja, kwa sababu mkunjo mdogo uliobaki chini ya mshono huwa wa kudumu.

Kona mbili za mwisho zipewe mikanda mipana, angalau sm 5. Ukimalizia na mwembamba, mishono hurundikana palepale miraba inapokutana, na sindano hukatika hapo.

Geuza mraba, kitambaa cha chini kiwe juu, ukate ubaki sm 21.5. Lakini kwanza pima miraba yako ya viraba! Kama imetoka sm 21.1, kata na ya mikanda sm 21.1. Mraba wa mikanda hukatwa mwisho, kwa hiyo ndio unaomfuata mwenzake.

Hatua ya 6: Kuunganisha, matabaka na pindo

Unga miraba safu kwa safu. Kitambaa cha mgongoni kizidi kwa sm 8 kila upande (sm 136 kwa 176), na pamba ya kati (tabaka la kujazia, kati ya juu na mgongo) izidi kwa sm 5. Bandika cha mgongoni sakafuni kwa gamutepu, kikiwa kimenyooka ila hakijavutwa. Ukikivuta, kitarudi nyuma ukikiachia na mgongo utajaa makunyanzi. Laza pamba, kisha sehemu ya juu. Shikiza kwa pini za kufunga kila sm 10, au piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda) kwa mkono. Zihesabu pini kabla na baada, hasa penye watoto.

Shona kuanzia katikati kwenda nje, hatua za mm 3, mistari ikiwa kila sm 10: kando ya kila muungano wa miraba na katikati ya kila mraba.

Pindo ni mkanda wa upana wa sm 5.5 uliokunjwa katikati kwa urefu. Unahitaji sm 590. Mikanda ya mabaki inafaa kama hakuna wa chini ya sm 25. Iungwe kimshazari, na kila kiungo hula takriban sm 5.5. Kwenye kona simama mm 7.5 kabla ya ukingo, rudisha nyuma mishono miwili, kata uzi, kunja mkanda juu kisha chini, uanze tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Cherehani yangu ni ya kukanyaga na mguu wake ni mwembamba. Nitajuaje mm 7.5?

Jibu: Chukua karatasi yenye mistari ya rula, chora mstari mm 7.5 kutoka ukingoni. Teremsha sindano kwa mkono juu ya mstari huo, nyoosha karatasi, kisha bandika tepu tabaka nne au tano kwenye bamba la cherehani, ziguse ukingo wa karatasi. Kitambaa kitatembea kikiegemea ukuta huo. Usizibe mahali pa kutolea bobini.

Swali: Miraba yangu ya mikanda imejikunja, katikati imeinuka na haikubali pasi.

Jibu: Kitambaa cha chini kimevutwa au hakikukatwa kufuata mkondo wa nyuzi. Sababu ya pili ni uzi wa juu kukazwa mno. Legeza uzi, na wakati wa kushona acha meno ya cherehani yavute kitambaa, mikono iongoze tu. Iliyokwisha kujikunja inyunyizie maji, ilaze bapa, ibonyeze pasi kutoka mgongoni na uiache ipoe palepale kabla ya kuinua. Ikibaki na mwinuko mdogo, mistari ya Hatua ya 6 itaumeza.

Swali: Nina fulana nyingi kuliko pamba. Hakuna namna?

Jibu: Ipo. Bandika mgongoni kitambaa chepesi chenye gundi ya pasi kabla ya kukata, si baada. Kisha zitumie kama viraba vikubwa vya sm 11.5. Viraba vidogo vya fulana huwa vinene mno kwenye mishono.

Nyongeza ya mwanachama: Tumia na sindano yenye ncha butu ya vitambaa vya kuvutika. Ya kawaida hukata kitanzi na tundu hukua kila ukifua.

Swali: Naweza kushona kwa mkono kabisa? Mchana nakuwa na dakika chache tu nikisubiri watu.

Jibu: Viraba vinafaa sana. Chora mstari wa mm 7.5 mgongoni kwa penseli, shona shulu (mishono ya sindano kupita juu na chini) ndogo ndogo, na kila mshono wa tano urudi nyuma mara moja ili uzi usiteleze. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, mrefu zaidi hujifunga mafundo na kuchakaa kwenye tundu la sindano. Mikanda iachie cherehani.

Swali: Nimefua mfarishi uliokwisha, nyekundu imechujia nyeupe. Bado umelowa.

Jibu: Usiukaushe na usiupige pasi, joto hukamatisha doa. Utumbukize wote kwenye maji mengi ya moto yanayovumilika na vitambaa vyako, pamoja na sabuni ya maji, uloweke saa kadhaa ukiwa umezama kabisa. Maji yakibadilika rangi, yamwage uweke mengine. Rudia hadi yabaki meupe. Maji machache hayasaidii, rangi huzunguka na kurudi palepale.

Swali: Vipande vya chini ya sm 3 nivitupe?

Jibu: Virefu vitumie kufungia mafurushi ya viraba. Vifupi vijaze mto wa kuchomekea pini au mto wa sakafuni, ila vichane vidogo sana kwanza, vikubwa hufanya mabonge. Mto wa kulalia usijazwe hivyo, ni mzito.

Swali: Huu nataka kumshonea mtoto atakayezaliwa. Nipunguze vipimo?

Jibu: Miraba 25, mitano kwa mitano, inakupa sm 100 kwa 100, na inatosha kumlaza juu yake sakafuni akiwa macho. Usimfunike nao wala usiuweke kitandani mwake akilala kabla hajatimiza mwaka. Usiweke vifungo wala mafundo ya uzi ya mapambo.

Swali: Mfarishi mzima hauingii chini ya mkono wa cherehani yangu. Nifanyeje?

Jibu: Ugawe mara tatu. Unga safu za miraba katika vipande vitatu (safu tatu, mbili, tatu), kila kimoja na pamba na mgongo wake, ukishone mistari yake ukiacha sm 4 bila mistari kwenye kingo zitakazoungana. Unga sehemu za juu kwa cherehani, punguza pamba zikutane bila kupandiana, kisha mgongo ukunje na uushone kwa mkono.