Kiwanja, shamba au nyumba: namna ya kulinganisha kabla ya kununua Mtwara na Lindi

Dalali atakutembeza maeneo matatu kwa siku moja na yote atayaita kiwanja. Kabla ya bei, uliza kinachouzwa kina karatasi gani.

Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na bikoni, yaani alama za mpaka zilizofukiwa kwenye kona. Kwa namba hizo fanya upekuzi kwa msajili wa hati. Utajua mmiliki ni nani na kama kuna rehani ya benki au zuio. Dai risiti za kodi ya ardhi, na angalia muda uliobaki: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Bikoni zifukue kwa jembe, usikubali kuonyeshwa mti.

Kisichopimwa ni nafuu, na hela nyingi hupotelea hapo. Huuzwa kwa hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimeta 75, kwa hiyo "thelathini kwa thelathini" ni mita za mraba 506 tu, wala si 900. Nenda na futi kamba. Majirani wa pande zote wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na uliza mipango miji kama barabara haijachorwa hapo. Ongeza gharama ya upimaji na hati kwenye bei, ndipo ulinganishe na kilichopimwa. Mara nyingi unafuu wote huishia hapo.

Shamba la pembezoni lina mtego wake: mikorosho. Huku kwetu mti unaweza kuwekwa rehani peke yake, ukanunua ardhi halafu msimu ukifika mwingine anakuja kuokota korosho. Hesabu miti, idadi iandikwe kwenye mkataba. Kama ni shamba la ukoo, mjomba awepo, na dada za muuzaji pia. Ardhi ya kijiji haihami bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji.

Nyumba iliyojengwa? Mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Kwangua plasta chini karibu na msingi: ikimomonyoka kama unga mweupe, chumvi imeshaingia. Ukuta wa matumbawe wa Mikindani ukipigwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani. Wenyewe hutumia chokaa.

Ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kakague Februari au Machi, mvua ikinyesha, uone maji yanasimama wapi. Na maji ya kisima yaonje.