Namna ya Kujaza kwa Usalama Mtungi Mdogo wa Kupigia Mbizi

Mtungi mdogo wa kupumulia chini ya maji, ule wa nusu lita au lita moja ambao kipumulio chake hufungwa moja kwa moja kichwani pake, siku hizi hununuliwa mtandaoni na mtu yeyote na kuletwa mpaka mlangoni. Wenye boti katika mwambao wetu huuona kuwa kitu cha manufaa, kwa kuwa unamwezesha mtu kukata kamba iliyojisokota kwenye pangaboi, kukwamua nanga iliyonasa kwenye jiwe, au kukagua tumbo la chombo bila kungoja maji yapwe. Unachukulika mkononi kama chupa ya chai, na kwa sababu hiyo watu hudhani kuwa hata presha iliyomo ndani ni ndogo. Presha hiyo ni bar 200 (bar moja ni takriban presha ya hewa inayotuzunguka), sawasawa na ya mtungi mkubwa wa lita 12 unaobebwa mgongoni. Kwa presha hiyo, kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa ndani husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 200, na valvu ambayo hesi yake, yaani mistari yake ya skrubu, ina kipenyo cha milimita 18 husukumwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 500. Kila hatua inayofuata inatokana na hesabu hiyo.

Ni vyema pia kujua tangu mwanzo kiasi cha hewa kinachotafutwa. Mtungi wa nusu lita uliojaa hadi bar 200 una takriban lita 100 za hewa ya kawaida. Mtu mzima aliyetulia hutumia lita 15 hadi 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, na katika kina cha mita 10, ambako presha inayomzunguka ni maradufu ya ile ya juu, matumizi yake nayo huwa maradufu, kwa hiyo lita hizo zitamtosha kwa dakika tatu hivi, na akihangaika hazitafika hata mbili. Ninalitaja jambo hili katika mwongozo wa kujaza kwa sababu tamaa ya kuongeza dakika ndiyo inayomshawishi mtu kupitisha kiwango kilichogongwa kwenye mtungi. Anayehitaji muda mrefu zaidi anahitaji mtungi mkubwa zaidi.

Kabla ya kuunganisha chochote, soma maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi. Mtungi uliotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huonyesha presha ya kazi, kwa mfano PW 200, na presha ya majaribio, kwa mfano PT 300, pamoja na ujazo, namba ya mtungi, na tarehe ya jaribio la mwisho. Mtungi wa alumini wa Marekani huandikwa 3AL na kufuatwa na presha yake kwa kipimo cha psi, ambapo 3,000 ni sawa na takriban bar 207. Wako wanaoiona namba kubwa ya majaribio wakadhani ndicho kiwango cha kujazia, na kosa hilo linaweza kuua. Presha ya majaribio hufikiwa kiwandani au kwa mpimaji tu, tena kwa maji, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, na mtungi ukipasuka ukiwa umejaa maji haurushi vipande kama bomu. Nchini Marekani jaribio hilo hurudiwa kila baada ya miaka 5, na wazamiaji wamejiwekea desturi ya kufungua valvu na kukagua ndani ya mtungi kila mwaka. Katika hewa yetu ya pwani yenye chumvi na unyevu, ukaguzi huo wa kila mwaka si wa kuachwa.

Mtungi usio na alama zozote zilizogongwa, hata ukiwa mpya unaong'aa, usijazwe. Vivyo hivyo mtungi wenye bonyeo au mkwaruzo mrefu, wenye hesi iliyolika, unaotoa sauti ya chembe au maji unapotikiswa, au wa alumini uliopitiwa na moto, kwa kuwa joto kali huondoa ugumu wa alumini bila kuacha alama inayoonekana kwa macho. Mtungi uliopakwa rangi upya unapaswa kutiliwa shaka hadi ukaguliwe, kwani rangi hufunika mengi.

Ziko njia tatu za kuujaza: kuhamisha hewa kutoka mtungi mkubwa, kutumia pampu ya mkono, na kutumia kompresa ndogo ya umeme. Ninapendekeza ya kwanza bila kusita, kwa sababu hewa ya mtungi mkubwa uliojazwa kwenye kituo cha wazamiaji tayari imechujwa na kukaushwa kwa mitambo ambayo huwezi kuwa nayo nyumbani. Vituo vya namna hiyo vinapatikana Nungwi, Mji Mkongwe, Mafia, Diani na Watamu, na mara nyingi kumpelekea fundi wa kituo mtungi wako mdogo pamoja na adapta yake ni rahisi kuliko kununua vifaa vyako mwenyewe.

Anayehamisha hewa mwenyewe anahitaji mtungi mkubwa uliosimamishwa na kufungwa usianguke, adapta au mpira wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye geji na skrubu ya kutolea hewa iliyobaki, pamoja na miwani ya kukinga macho. Chagua mahali penye kivuli na pakavu, mbali na watoto na watazamaji. Fungua kwa sekunde moja valvu ya mtungi mkubwa, mdomo wake ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, ili ipulize nje maji na mchanga uliojificha mle. Tone dogo la maji ya chumvi likiingia ndani ya mtungi huanzisha ulikaji ambao hutauona mpaka siku ya ukaguzi. Kagua ringi ya mpira inayoziba maungio, na ikiwa imepasuka au imekauka, weka mpya. Usiipake mafuta ya gari wala grisi ya gereji, bali silikoni inayokubaliwa kwa vifaa vya kupumulia, tena kidogo sana.

Unganisha adapta kwa mkono, bila spana, kisha funga skrubu ya kutolea hewa. Mitungi midogo mingi ina tundu la kujazia lenye valvu ya upande mmoja chini ya kifuniko, lakini mingine hujazwa kupitia valvu yake kuu, ambayo lazima ifunguliwe kwanza, kwa hiyo fuata maelezo ya mtengenezaji. Simama pembeni, uso wako usiwe juu ya valvu wala mbele yake, halafu fungua mtungi mkubwa polepole sana mpaka usikie mvumo mwembamba wa hewa, na uishie hapo. Sindano ya geji ikipanda kwa bar 20 hadi 30 kwa dakika, mwendo huo unatosha. Wengi hushindwa kuvumilia hatua hii, kwa kuwa mtungi mdogo unaweza kujaa kwa sekunde chache na kusubiri dakika saba huonekana kupoteza wakati. Hata hivyo, hewa inayobanwa kwa haraka hupata joto, joto hilo huingia kwenye ukuta wa mtungi na kwenye ringi, na geji husoma namba ambayo haitadumu. Mtungi uliofikishwa bar 200 ukiwa na nyuzi joto 60 utashuka hadi kama bar 180 ukipoa na kufikia nyuzi 28. Shika mtungi kwa kiganja mara kwa mara: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini ukishindwa kuendelea kuushika, funga na usubiri.

Uwe mwangalifu zaidi ikiwa mtungi mkubwa ni wa bar 232 au 300. Presha hutafuta kulingana pande zote mbili, na ukiacha valvu wazi ukaenda kuzungumza na mwenzako, mtungi wako wa bar 200 utapitishwa kiwango bila mtu kugundua. Mkono usiondoke kwenye valvu hadi kazi iishe. Baadhi ya valvu zina kisahani chembamba cha usalama kinachopasuka presha inapozidi, na haifai kabisa kukibadilisha kwa kipande cha bati au kisahani kisicho cha kiwango chake.

Geji ikifika kiwango, funga mtungi mkubwa, kisha mdogo kama una valvu ya kufungwa, halafu legeza skrubu ili hewa iliyobaki katikati itoke yote. Ndipo utenganishe. Maungio yakikataa kulegea kwa mkono, presha bado imo, na dawa yake si spana bali ni kurudi kwenye skrubu ya kutolea hewa. Paka povu la sabuni kwenye valvu uone kama kuna mapovu yanayokua, kisha suuza kwa maji yasiyo na chumvi na ufute.

Kila unapohamisha hewa, mtungi mkubwa hupungua, na hesabu yake ni nyepesi. Lita 12 za bar 200 zikigawana na nusu lita iliyo tupu, zote mbili huishia bar 192. Mtungi wa pili utapata 184, na wa tatu 177 hivi. Mwenye mitungi mikubwa miwili aanze na ule wenye presha ndogo, kisha amalizie kwa uliojaa, na hivyo hewa yake itamfikisha mbali zaidi.

Pampu ya mkono ya ngazi tatu inaweza kufika bar 200 kwa mamia ya mipigo, lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za upepo, ambazo hazina mapafu. Anayeitumia ahakikishe kuwa mtengenezaji ameithibitisha kwa hewa ya kupumua, ina kichujio na kitoa unyevu, na anaipumzisha kila baada ya dakika chache ipoe. Kompresa ndogo za umeme zina sharti hilo hilo, na zaidi ya hapo zinataka maji yanayokusanyika yamwagwe kila baada ya dakika 10 hadi 15, kwa sababu hewa ya pwani ikibanwa hutoa maji kama kitambaa kinachokamuliwa. Kichujio kilicholowa hakifanyi kazi, na kemikali inayoondoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi ndiyo huharibika kwanza kwa unyevu.

Sumu hiyo inastahili maneno zaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 kwa kila milioni, na hata hizo huongezeka nguvu kadiri mtu anavyozama, kwa kuwa presha huzidisha kila kilichomo ndani ya hewa. Chanzo chake kikuu ni moshi wa injini. Umeme ukikatika na kompresa ikiendeshwa kwa petroli au kwa jenereta, bomba la kuvuta hewa lazima liwe juu, mbali, na upande upepo unakotoka, na mtu asimame kuangalia kama upepo umegeuka. Mafuta ya kompresa iliyopata joto kupita kiasi nayo huweza kuungua na kutoa sumu hiyo hiyo. Hewa yenye harufu au ladha yoyote imwagwe, lakini kutokuwa na harufu si uthibitisho wa usafi, na kwa hiyo kipimo kidogo cha kielektroniki cha kaboni monoksidi ni ununuzi ninaoutetea kabla ya pezi wala miwani.

Usijaze kamwe kwa kompresa ya matairi, ya rangi au ya friji, wala kwa mtungi wa oksijeni wa gereji au wa hospitali. Oksijeni tupu ikikutana na mafuta kwa presha kubwa huwaka, na hata isipowaka, zaidi ya kina cha mita 6 inaweza kumtia mzamiaji degedege. Mtungi uliowahi kuwa na gesi nyingine, au wa kuzimia moto, haugeuzwi kuwa wa kupumulia.

Kujaza vizuri hakumfanyi mtu kuwa mzamiaji. Anayepumua hewa iliyobanwa kisha akapanda huku amezuia pumzi anaweza kupasua mapafu hata katika kina cha mita moja na nusu, yaani ndani ya bwawa la kuogelea, na hilo hufundishwa na mwalimu kabla ya mtungi kugusa maji.

Baada ya matumizi, bakiza bar 10 hadi 20 ndani ili maji yasipate njia ya kuingia. Usiuache kwenye gari lililofungwa juani, kwa sababu mtungi wa bar 200 ukipanda kutoka nyuzi 28 hadi 65 hukaribia bar 225. Uliokaa miezi mingi umwagwe polepole na kujazwa upya. Na ule uliokataliwa na mpimaji, toa hewa yote, ondoa valvu, kisha ukate kwa msumeno kupitia kwenye hesi kabla ya kumpa mnunuzi wa chuma chakavu, ili asitokee mtu wa kuusafisha, kuupaka rangi na kuurudisha sokoni.