SOMO: Kubandika stika za ubavuni kwenye kasha la gemu la zamani

Wakuu salama. Kasha lenyewe, yaani lile kabati la kusimama la gemu za kutumbukiza sarafu, ni la Donkey Kong, gemu ya Nintendo ya 1981, nimelipata huku Ohio likiwa limepakwa nyeusi ovyo na aliyenitangulia, nikalirudisha kwenye bluu yake. (Ya mwanzo mwanzo yalikuwa mekundu, maana Nintendo walichukua makasha ya Radar Scope, gemu yao nyingine, yaliyododa wakayageuza.) Puti na msasa nshamaliza, leo ni stika tu.

1. Rangi iive kwanza. Nikisema iive sio kugusa na kidole ukaona haigandi. Mi nilitumia rangi ya mafuta, siku ya tano nikaona iko poa, nikabandika ubavu wa kushoto, stika ikaenda mshazari kidogo, nikasema ngoja niinue nirekebishe, nikasikia krrr, ikaja na ngozi ya rangi kubwa kama chapati, chini puti inachungulia. Sasa hivi nasubiri wiki tatu bila mjadala. Bonyeza ukucha pasipoonekana, ukiacha alama bado. Sogeza pua, ikinuka bado pia, ule mvuke unaotoka ndo unakuja kuinua stika baadae.

2. Pitisha msasa namba 400 kidogo tu, futa vumbi na kitambaa chenye maji, acha pakauke. Chembe moja ya mchanga ikibaki utaiona kama kipele kila ukiwasha taa.

3. Stika ilale bapa ndani ya nyumba siku nzima. Gereji yangu ina baridi balaa, vinaili (ile plastiki ya stika) inakuwa ngumu na gundi inagoma, ikabidi niwashe hita mpaka nyuzi 21.

4. Laza kasha, weka stika ikiwa bado na karatasi yake, pima, rudia kupima, halafu ishike katikati kwa tepu ya karatasi iwe kama bawaba. Bandua nusu, kata ile karatasi ya nyuma, bandika, toa tepu, malizia nusu ya pili.

5. Kabla hujalaza kila nusu, pulizia maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo ili stika iteleze uisogeze, wabandika stika za daladala wanaijua hii siku nyingi. Ila maji yasifike kwenye ukingo wa mbao tupu, plai ikinywa inavimba. Sukuma maji kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ya zamani uliyoifunga kitambaa laini, taratibu, usikandamize kama unafua.

Kile kibao cha mbele chenye fimbo na batani, bandika kizima kizima halafu toboa matundu na wembe, kata msalaba, kunja ncha kwa ndani.

Maswali

— Kaka hewa imebaki ndani, nibandue?
Usithubutu. Subiri siku mbili tatu, vidogo vinajiishia. Kikigoma choma na sindano pembeni yake sio katikati, pasha na draya ya nywele, bonyeza.

— Mkuu naweza kubandika juu ya stika ya zamani?
Hapana, kingo zake zitatokeza. Ipashe na draya uivute polepole, gundi iliyobaki toa na mafuta ya kula halafu osha na sabuni, yote hayo kabla ya rangi.

— Nipo Dodoma, nimechonga la kwangu kwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), stika nitaprintisha kwa watu wa mabango, itafaa?
Inafaa dada, ila waambie waweke na ile plastiki ya juu, bila hivyo wino unachubuka na viganja. Vinaili ya bei chee inasinyaa, baada ya muda kingo zinarudi nyuma. Na MDF ipige praima mpaka kwenye kingo halafu bandika kavu, achana na maji kabisa.

— Ule ubavu wa kushoto uliishia wapi?
Puti tena, rangi tena, leo wiki ya pili. Stika mpya iko juu ya kabati la nguo, wife ananiuliza kila siku itashuka lini.