Wakili wa mji mdogo anavyojiandaa kwa kazi ya ubunge

Wakili mwenye ofisi katika mji wa Tanzania kama Mpwapwa au Nzega, anayekusudia kugombea ubunge, aanze na majalada yake miaka kadhaa kabla ya kuchukua fomu. Ayapitie na kuandika daftarini kila mahali ambapo mteja alikwama kwa sababu ya jinsi kifungu kilivyoandikwa, wala si kwa udhaifu wa ushahidi. Migogoro ya ardhi ni mfano mzuri. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea Mabaraza ya Kata mamlaka ya kuamua migogoro hiyo na kuyaachia usuluhishi tu, kabla mdai hajafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili aliyewasimamia wajane na wakulima katika njia hiyo anajua nauli waliyolipa na siku za kulima walizopoteza, mambo ambayo muswada hauyaonyeshi. Daftari hilo lisiwe na jina la mteja hata mmoja, kwani siri ya mteja haifutwi na kiapo cha ubunge.

Masharti makuu ya ibara ya 67 ya Katiba yanaonekana mepesi: awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa kura za maoni chamani huamuliwa na wajumbe wanaotaka kueleweshwa, si kuhutubiwa kama mahakama. Kabla ya kampeni, akabidhi mashauri yanayoendelea kwa wakili mwenzake, kwa ridhaa ya kila mteja.

Akifika Dodoma, asikimbilie kamati ya Bunge inayohusika na Katiba na sheria kwa sababu tu amesomea sheria. Aombe kamati inayoshughulikia yale yaliyojaza daftari lake, ingawa uamuzi ni wa Spika. Wakati wa bajeti anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri asiyetoa maelezo ya kuridhisha, yaani kutoa hoja ya kuupunguza mshahara huo kwa shilingi moja, lakini kwa maoni yangu ujuzi wa wakili huzaa zaidi katika jedwali la marekebisho, yaani maandishi ya mabadiliko ambayo mbunge anataka yafanywe kwenye muswada. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, aulinganishe na daftari kifungu kwa kifungu, kisha aandike maneno kamili anayotaka yaingizwe, badala ya kulalamika tu kwamba kifungu ni kibaya.