Kuendesha elimu ya kinywa na meno gerezani: hatua kwa hatua, kutoka Mtwara

Nawaandikia matabibu wa kinywa na meno, wauguzi na maafisa afya wa Mtwara na Lindi wanaotaka kuingia gerezani kwa kazi ya elimu, si kwenda kung'oa meno siku moja na kurudi na picha. Picha zenyewe hutapiga, maana simu inabaki getini.

Hatua ya 1: Barua

Pitishia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, iende kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Gereza unalolilenga; kwa sisi wa Mtwara mjini ni Lilungu. Orodhesha kila kifaa, kwa sababu vyenye ncha vitahesabiwa mkiingia na mkitoka. Kama unahitaji hoja, Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015) zinataka kila mfungwa aweze kupata huduma ya daktari wa meno mwenye sifa. Ila maafande nao wanaumwa meno. Waalike darasani na wao, utaona kazi inavyokwenda.

Hatua ya 2: Jua ratiba ya ndani kabla ya kuandaa somo

Kaa na mhudumu wa zahanati ya gereza, kisha omba kuzungumza na manyapara. Uliza chakula cha mwisho kinaliwa saa ngapi, wanafungiwa saa ngapi, na maji ndani ya selo yakoje. Kumwambia mtu "piga mswaki kabla ya kulala" wakati amefungiwa jua bado halijazama na ndoo ya maji ni ya watu wengi, ni kumpotezea muda. Tafuta nafasi kati ya chakula na kufungiwa, hapo ndipo mswaki wa jioni utakaa.

Hatua ya 3: Miswaki na dawa

Muulize Mkuu wa Gereza mswaki wa aina gani unaruhusiwa. Mpini mrefu mgumu unaweza kunolewa ukawa silaha, kwa hiyo mara nyingi mfupi ndio unaokubalika. Chukua wenye nywele laini, na kila mmoja uwe na alama ya mwenyewe. Hapa usilegeze hata kidogo: fizi zinazotoka damu na mswaki wa kuchangia ni njia ya kupitisha homa ya ini B. Ikaushwe kichwa juu, isirundikwe kwenye kopo moja ikigusana.

Dawa iwe na floraidi, kati ya 1,000 na 1,500 ppm; imeandikwa kwenye boksi. Kiasi cha punje ya mbaazi kinatosha. Palipo na uhaba, mti wa mwarobaini uliotafunwa hadi ukawa na nyuzi laini unafaa, na dawa inapakwa juu yake. Mkaa na mchanga vinakwangua jino, vikataze.

Hatua ya 4: Somo lenyewe

Usianze na mabango. Waambie wapitishe ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Wengi watahisi kitu kigumu chenye mikwaruzo, na ukumbi wote utaanza kunong'ona. Huo ni ugaga: utando laini uliokaa bila kusuguliwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Mswaki hauutoi, lakini unazuia mwingine usijengeke.

Sasa onyesha. Nywele zielekee kwenye fizi, kwa mshazari, mizunguko midogo, dakika mbili, nje, ndani na juu ya magego. Damu ikitoka wasiache. Fizi iliyovimba inahitaji kusafishwa zaidi, taratibu. Wakimaliza wateme tu, wasisukutue. Floraidi inabaki ikifanya kazi, na maji ya selo yanaokolewa.

Acha muda wa maswali, maana humo ndimo utasikia ya kweli. Wa "mdudu wa jino" hakosekani. Yupo pia atakayesema alitia mafuta ya ganda la korosho kwenye tundu. Mafuta yale yanababua ngozi ya mkono, sembuse fizi. Eleza hivyo bila kumcheka. Na mzee wa Kimakonde mwenye meno yaliyochongwa asifanywe kielelezo cha darasa.

Hatua ya 5: Waelimishaji rika

Hapa ndipo uweke nguvu zako. Wewe utaondoka, wao wanabaki. Chagua wawili kwa kila selo, wenye vifungo virefu, na wasiwe manyapara wote, kwani somo likigeuka amri linachukiwa. Upande wa wanawake wapate wao. Wafundishe mpaka waweze kuonyesha mswaki mbele yako bila msaada, kisha wafundishe dalili za hatari: uvimbe chini ya taya, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, homa, utando mweupe mdomoni, kidonda kisichopona wiki mbili. Uvimbe wenye shida ya kumeza au kupumua hausubiri asubuhi. Afande wa zamu aitwe hapohapo.

Hatua ya 6: Uchunguzi na rufaa

Chunguza pembeni, si mbele za watu, na uombe ridhaa. Mfungwa ana haki ya kukataa kung'olewa. Matundu madogo yanaweza kuzibwa kwa vifaa vya mkono bila umeme; makubwa yaende hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kwa wa Lindi. Kubaliana mapema na uongozi kuhusu usafiri na askari wa kusindikiza, vinginevyo karatasi ya rufaa italala mezani.

Mahabusu anaweza kuachiwa siku yoyote. Mwandikie karatasi yake siku hiyohiyo unayomchunguza: jino gani, limefanywa nini, na aende kliniki ipi.